Kabla Ulipe, Uliza Kwa Nini Hiyo Ploti Iko Tupu

Tembea Githurai 45 kutoka sokoni mpaka raundabauti, halafu hesabu matangazo ya ploti. Yako kwa nguzo za stima, kwa mgongo wa matatu, hadi kwa mwavuli wa mama mboga. Ploti Juja Farm. Ploti Kenyatta Road. Ploti Makongeni Thika. Ploti Ruiru, hatua chache tu kutoka lami.

Mimi nasoma hizi vitu tangu nikiwa shule ya msingi, na kuna kitu nimegundua. Tangazo la ploti hukuambia kila kitu kilicho karibu na ploti. Lami iko karibu. Stima iko karibu. Chuo kikuu, hospitali, supamaketi, kanisa, zote ziko dakika kumi. Lakini ploti yenyewe, ile ardhi unalipia, haina habari yoyote isipokuwa urefu na upana. Na hakuna tangazo hata moja limewahi kunijibu swali rahisi kabisa: mbona iko tupu?

Leo nataka tukae na hilo swali, juu kuna pesa za watu naowapenda ziko katikati yake.

Wacha nianzie mbali kidogo. Niko na rafiki Mtanzania, tulijuana kwa mambo ya kuhariri video. Anaishi Dodoma. Mwezi jana alinitumia tangazo la viwanja, wao hawasemi ploti, wanasema viwanja. Picha ilikuwa na mizabibu imepangwa kwa mistari, zabibu zinaning'inia, na chini maandishi: viwanja vya makazi, vimepimwa, bei kwa mita ya mraba. Akaniambia, "Kaka, njoo ununue huku kwenye mji wa mvinyo, uachane na vumbi la Githurai."

Nilicheka, halafu nikaanza kusoma. Na Dodoma ni hadithi tamu. Ni sehemu kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, lakini zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza karibu na Machi, mara ya pili kuelekea Agosti na Septemba. Ukienda Hombolo ama Bihawana utapata wakulima wa kawaida wenye ekari moja au mbili za mizabibu. Mvinyo wa Dompo, ule mtamu ambao Watanzania wengi wanaujua, unatoka huko.

Upande wa pili, Dodoma ni mji uliosubiri sana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka wa 1973, enzi za Mwalimu Nyerere. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo, na ramani kuu ya mji ikatoka 1976. Viwanja vikapimwa. Halafu? Miaka ikapita, serikali nyingi ikabaki Dar es Salaam. Mpaka Julai 2016 Rais Magufuli akasema safari hii tunahama kweli. CDA ikavunjwa 2017, Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018, mji wa serikali ukaanza kujengwa Mtumba, na 2024 treni ya SGR ikafika kutoka Dar.

Sasa jiulize, mtu aliyekuwa na kiwanja kitupu Dodoma mwaka wa 1980 na yule aliyenunua 2015, nani alipata? Kiwanja ni kile kile, udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mwingine, mahali pengine. Kiwanja cha kwanza kilikuwa kitupu juu mji ulikuwa bado haujafika, na ulichukua zaidi ya miaka arobaini kufika. Hiyo ni sababu ya kwanza ya ardhi kuwa tupu: inasubiri ahadi. Ukinunua, unanunua ile ahadi, na lazima ujue ni nani ameahidi na amechelewa kwa miaka mingapi.

Na kabla mtu aulize: hapana, siwezi kununua hicho kiwanja. Wewe Mkenya pia huwezi. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, mwananchi hupewa haki ya kuikalia kwa muda. Sheria yao ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kupitia utaratibu wa uwekezaji wa serikali. Hii Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki iko na Itifaki ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010, unaweza kuvuka mpaka kufanya kazi na biashara, lakini kwa ardhi itifaki yenyewe imesema kila nchi ifuate sheria zake. Sisi pia tuna letu: Katiba ya 2010, Ibara ya 65, asiye raia anapata ardhi Kenya kwa kukodi tu, na haizidi miaka 99.

Lakini kuna kitu nilipenda kwa mfumo wao. Mtu akipewa kiwanja kule, kwa kawaida hupewa na sharti la kukiendeleza ndani ya muda fulani. Huku kwetu unaweza kununua ploti, uzungushe waya, upande mti mmoja wa mparachichi, halafu uiache miaka ishirini. Hakuna mtu atakuuliza. Tunaiita uwekezaji.

Sasa turudi nyumbani, juu ile picha ya mizabibu ilinikumbusha kitu.

Hapa Thika Road sisi hatuna mvinyo. Sisi tulikuwa na kahawa. Panda matatu hapa Githurai ukielekea Thika uone majina ya steji: Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, na ng'ambo ile kuna Kahawa West. Watoto wanaozaliwa Kahawa Sukari leo wanadhani ni jina tu. Hakuna mti wa kahawa. Kuna maghorofa, hosteli, na mahali pa kufulia magari. Ruiru nayo wakulima wa kahawa wanaijua kwa sababu nyingine kabisa: kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo, na aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili magonjwa, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Kwa hivyo mkulima wa Kirinyaga ama Kisii anataja Ruiru kila siku bila kujua kuna watu tunapanga nyumba hapo.

Cucu wangu alitoka Murang'a miaka ya sabini akaja kuchuma kahawa kwa mashamba makubwa ya Ruiru. Alilipwa kwa debe. Si kwa siku, si kwa mwezi, ni kwa debe. Ukijaza debe unapewa alama, mwisho unahesabiwa. Anakumbuka ile miaka bei ya kahawa ilipaa, 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuua kahawa ya Brazil. Anasema wenye mashamba walinunua magari mapya. Yeye debe lake lilibaki debe.

Halafu mambo yakageuka. Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa mauzo ya kahawa kati ya nchi ulivunjika, bei ikaanguka dunia nzima. Kenya ilikuwa imetoa karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88. Miaka ya hivi karibuni tunazunguka tani 50,000 hivi. Wakati huo huo Nairobi ilikuwa inasukuma kuja huku, na Thika Road mpya ilipofunguliwa 2012, hesabu ikawa rahisi kwa mwenye shamba. Ekari moja ya kahawa inakupa maumivu kila msimu. Ekari hiyo hiyo ukiikata ploti nane, unapata pesa mara moja na unaenda zako. Hata Tatu City, ule mji mpya wa ekari 5,000 hapo Ruiru, umekaa juu ya iliyokuwa ardhi ya kahawa.

Hiyo ni sababu ya pili ya ploti kuwa tupu: kuna kitu kiling'olewa. Silaumu mtu. Mkulima hawezi kunywa hasara ndio mimi nifurahie mandhari. Ninachosema ni kwamba ukiambiwa "ardhi tupu," mahali pengi hapa kwetu si tupu. Imetolewa kitu. Na ukijua ni nini kilitolewa, unajua maswali ya kuuliza. Ardhi ya kilimo, kwa mfano, haiuzwi wala haikatwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Ombi la kibali linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mauzo yenyewe yanakuwa bure kisheria. Na kuigeuza kutoka shamba kuwa makazi kunahitaji idhini ya kaunti. Hizo karatasi zipo ama hazipo. Hakuna katikati.

Sasa nifike kwa pesa nilizosema.

Mamangu anauza vitunguu na nyanya hapa sokoni. Yeye na wenzake wako na chama, wamama 14, wamekuwa wakiweka kidogo kidogo kwa miaka sita. Mwaka huu wakafika laki sita na kitu. Kwa watu wengine hiyo ni pesa ya gari kuukuu. Kwa hawa wamama ni kuamka saa tisa usiku kwenda kuchukua bidhaa, mvua ikinyesha, Githurai ikifurika, siku zote hizo sita sita.

Wakapata kampuni. Siitaji, na haijalishi, juu ziko nyingi za aina hiyo. Ploti ya 50 kwa 100, nje kidogo ya Ruiru, laki nane na nusu, lipa elfu hamsini leo uanze, zingine kwa miezi kumi. Safari ya kuona ni bure. Chama kikaniomba niende nao, juu mimi ndio "huyu kijana wa simu." Mama akasema Cucu pia aje, apunge hewa.

Basi ilitubeba, tukapewa maji na soda. Kijana wa mauzo alikuwa poa sana, anajua kuongea na wamama. "Mamangu, hii bei mwezi ujao hamtaiona." Tukafika. Uwanja mkubwa wa nyasi, bikoni nyeupe zimepangwa vizuri, kamba, bendera. Kijana akaanza kuonyesha kwa kidole: barabara itapita hapa, pale kutakuwa na shule.

Cucu hakusikiliza. Alikuwa ametembea mpaka pembeni, kwa visiki. Vilikuwa visiki vya kahawa, vingine vimeanza kuchipuka tena, majani ya kijani yanang'aa. Akashika moja. Akaniita. "Hii laini yote tulikuwa tunachuma," akasema. "Mto uko kule chini. Kiwanda kilikuwa kule." Kisha akamgeukia yule kijana, bila ukali, akamuuliza, "Baba, maji mnatoa wapi? Juu hapa juu hapakuwa na maji. Tulikuwa tunabeba kutoka kule mtoni."

Kijana akasema maji yako karibu.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa napiga hesabu. Wote wanaiita "eighth," yaani sehemu ya nane ya ekari. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ukigawa kwa nane unapata 5,445. Lakini 50 kwa 100 ni 5,000. Zile 445 zimeenda wapi? Kwa kawaida zimeenda kwa barabara za ndani, na hiyo ni sawa, lazima gari lipite. Lakini basi uliza: barabara hizo ziko kwa ramani ya mpimaji ama ziko kwa mdomo? Na ile ya 40 kwa 80 inayouzwa sana Thika Road ni 3,200 tu, haifiki hata sehemu ya kumi na tatu ya ekari. Mita 12 kwa 24. Ukitoa choo, tangi la maji na mahali pa kuanika nguo, umebaki na nyumba moja na ukuta wa jirani.

Nikaomba kitu kimoja tu: nambari ya hati. Si nakala iliyowekwa kwa fremu ofisini, nambari. Kijana akasema hati ziko tayari, tutapewa tukimaliza kulipa. Nikasema sawa, hiyo ni ya ploti. Mimi nataka ya shamba zima, ile hati mama, ndio wakili aangalie kwa ofisi ya ardhi imeandikwa jina la nani. Hapo ndipo soda ilianza kupoteza gesi. Simu ikapigwa, bosi akasema tutatumiwa Jumatatu. Ilikuja Alhamisi, baada ya Mama kupiga simu mara nne.

Wakili alitoza chama elfu chache, akaangalia. Majibu yalikuwa mafupi. Ardhi bado imeandikwa kama shamba moja, haijagawanywa. Mwenyewe si kampuni, ni mtu mwingine. Na imewekwa rehani kwa mkopo wa benki.

Sikizeni vizuri. Hiyo haimaanishi ni wizi. Inawezekana kampuni ina makubaliano na mwenyewe, inakusanya pesa za watu, inalipa benki, halafu inagawanya na kutoa hati. Kuna watu wamenunua hivyo na leo wana nyumba. Lakini inamaanisha kwamba zile bikoni nyeupe hazina kitu nyuma yake bado. Pesa za wamama 14 ndizo zingekuwa zinalipa deni la mtu wasiyemjua, na deni likishinda mtu, benki ndiyo ya kwanza kwa foleni. Hiyo ni sababu ya tatu ya ardhi kuwa tupu, na ndiyo inaniogopesha zaidi: kuna mtu mwingine tayari ako ndani, ni vile tu haonekani.

Chama kilikaa Jumapili nyumbani kwetu. Haikuwa rahisi. Mama mmoja alisema ukweli ambao siwezi kupinga: "Nyinyi vijana mna maneno mengi. Mimi nina miaka 52, nimelipa nyumba ya kupanga Githurai miaka 27. Nikisubiri kila karatasi iwe safi nitazikwa kwa ploti ya mtu." Nilinyamaza. Yuko sawa. Watu hawanunui ploti juu ni wajinga. Wananunua juu mwenye nyumba anaongeza kodi Januari bila kuuliza, juu ukiugua hakuna mahali pa kulala bure, juu wazazi wao waliishi kwa mashamba ya watu na wakaondoka bila hata shimo la kupanda ndizi. Cucu alichuma kahawa kwa ile ardhi karibu miaka kumi na mbili. Leo wajukuu wake wanauziwa kipande chake kwa awamu.

Kwa hivyo sikuwaambia wasinunue. Niliwaambia agizo. Kwanza wakili aangalie rekodi, na wakili awe wenu, si wa muuzaji. Pili makubaliano yawe kwa maandishi, yamesainiwa na kushuhudiwa, juu kwa ardhi sheria ya Kenya haitambui mambo ya mdomo. Tatu mpimaji wenu aende na ramani ahakikishe bikoni ziko mahali zinafaa. Nne hesabuni gharama yote, si bei ya tangazo: ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na bado hujalipa wakili. Tano, ongeeni na mtu anayeishi pale. Si mtu wa kampuni. Muulize anatoa maji wapi, kama alivyouliza Cucu.

Na mwisho muulizane wenyewe: tunanunua ndio tufanye nini? Kama ni kujenga vyumba vya kupangisha, basi 50 kwa 100 isiyo na maji si yenu hata ikiwa na hati kumi. Kama ni kushikilia iongezeke bei, basi mnabahatisha na uamuzi wa mtu mwingine, kama wale wa Dodoma, na mnahitaji pesa ambayo mnaweza kukaa bila kuigusa miaka mingi.

Walipiga kura. Tisa walisema wangoje, watano walisema walipe. Kwa katiba ya chama, tisa wanashinda. Lakini wawili kati ya wale watano walitoa sehemu yao na kwenda kulipa wenyewe, mmoja wao ni yule wa miaka 27 ya kodi. Bado wananunua vitunguu pamoja na Mama, bado wanasalimiana, ingawa Jumapili hawaji tena. Mimi naomba kila siku hati zao zitoke. Nasema ukweli, nitafurahi zaidi wao wakinicheka kuliko mimi nikionekana nilikuwa na akili.

Waliobaki 12 sasa wanaangalia ploti nyingine upande wa Thika, ndogo zaidi, 40 kwa 80, ila tayari ina hati yake. Mwenyewe anauza juu anahamia kwao ushago. Wakili ameangalia, jina ni lake, haina rehani. Maji ya kaunti yanakuja Jumanne na Ijumaa, jirani ndiye ametuambia. Jumamosi hii mpimaji anaenda. Cucu amesema lazima aende pia, na nimeshamwekea nafasi kwa matatu, kiti cha mbele.